Bastola Iliyomng'ata Petro

Kabla hamjaniuliza bastola ipi ni nzuri, wanangu, nionyesheni mikono. Siyo kucha, dada, kucha tutakuja kugombana baadaye. Viganja. Nilitunza chumba cha silaha cha kampuni moja ya ulinzi hapa Babati mpaka nywele zikabadilika rangi, na sijaona ubovu wa silaha unaozidi mpini usiolingana na mkono wa mtu. Risasi mbovu unaitupa. Mtutu wenye kutu unausugua. Lakini mpini mnene kwenye kiganja kidogo, au mpini mwembamba kwenye mkono kama koleo, huo utakudanganya kila siku, na utaamini kabisa kwamba mjinga ni wewe.

Nimestaafu, nafuga kuku Maisaka, lakini ugonjwa wa kupima mikono haujaniacha. Kanisani tukifika pale pa kutakiana amani, mtu ananipa mkono, mimi moyoni nasema, "Huyu mpini wa kati, ila kidole kirefu." Mume wangu, Baba Elibariki, alishanikanya. "Wenzako wanatakiana amani," alisema, "wewe unawagawia silaha."

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bura, fundi aliyestaafu jeshini kabla hajaja kwetu. Mtu mfupi, mkimya, mwenye lafudhi ya kwao Dareda ambayo hata jeshi lilishindwa kuinyoosha. Siku niliyoingia chumba cha silaha, nikiwa nimetoka mgambo na kifua mbele, nilitegemea anieleze habari za mtutu na baruti. Akaniuliza, "Kwenu mnalima?"

"Tunalima, mzee. Mahindi na maharage, huko Bagara."

"Jembe la mama yako, baba yako anaweza kulilimia?"

Nilicheka. Jembe la mama lilikuwa na mpini mwembamba uliochongwa kwa kipimo cha mkono wake. Baba aliliazima siku moja tu, jembe lake likiwa limevunjika, akarudi na malengelenge na kutangaza kwamba lile jembe lina roho mbaya.

"Basi," akasema Mzee Bura, "nusu ya mafunzo umeshamaliza. Nusu iliyobaki ni kutokujipiga mguu."

Nusu ya pili ndiyo inayotangulia, kwa hiyo nisikilizeni hapa bila kucheka. Hupimi mpini kwa bastola yenye risasi. Unatoa magazini. Unavuta chuma cha juu kirudi nyuma. Unaangalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, halafu unaingiza ncha ya kidole uhakikishe, kwa sababu macho yana mazoea ya kuona kinachotakiwa kuwepo. Nimeona watu wazima wakiapa kwa mama zao kwamba bastola ni tupu, na risasi imelala mle ndani inawasikiliza.

Ikishakuwa tupu, ishike. Ile nyama iliyopo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa nyuma ya mpini, bila kuacha pengo. Mtutu ufuate mstari wa mfupa wa mkono wako, kama vile mkono umerefuka tu. Sasa peleka kidole cha shahada kwenye triga. Ukiigusa kwa ile nyama laini ya ncha ya kidole, na kidole hakijalalia ubavu wa bastola, hapo umefika nyumbani. Kama inabidi uzungushe mkono ndipo kidole kifike, mpini ni mnene kwako. Kama kidole kimepitiliza mpaka kwenye kiungo, na vile vidole vya chini vimezunguka mpini hadi vinakuchoma kiganjani, ni mwembamba kwako. Siyo elimu kubwa hii. Kinachohitajika ni unyenyekevu wa kukubali kwamba mkono wako ni mdogo, na hapo ndipo wanaume wengi huniacha njiani.

Bastola za zamani zilikuwa na vibao viwili vya mti, kimoja kila ubavu, vimefungwa kwa skrubu. Kazi ilikuwa tamu. Mkono mdogo, Mzee Bura alivikwangua vibao kwa kipande cha kioo na kuvipiga msasa mpaka vikawa vyembamba. Mkono mkubwa, alikata mpira wa ndani wa baiskeli akauvalisha mpini kama soksi. Ukishika, hautelezi hata ukiwa na jasho. Fundi baiskeli wa pale jirani alikuwa anatuuliza kila mara, "Nyie baiskeli zenu mnazipanda saa ngapi? Mbona sizioni?"

Alikuja mfanyabiashara mmoja wa madini, mtu wa pete nne na kofia ya ngozi, mwenye kibali chake cha bastola. Alitaka vibao vya pembe ya ng'ombe, ving'arishwe. Mzee Bura akamwambia pembe iliyong'arishwa inateleza. Yule bwana akasema yeye siyo mlinzi wa getini, anataka kitu cha hadhi yake. Akachongewa. Ulitoka mpini mzuri ajabu, unaweza kujitazama ukachana nywele. Tukaenda naye uwanja wa shabaha, kule chini ya mlima Kwaraa, jua kali, viganja vimelowa jasho. Akafyatua risasi ya kwanza. Bastola ikazunguka kiganjani kama sabuni ya kuogea na kuishia inautazama ukingo wa ile kofia. Sisi wengine wote tulikuwa tumelala chini. Mzee Bura alinyanyuka, akaichukua bastola taratibu, akaitoa risasi zote, akamwambia, "Bosi, pambo vaa shingoni." Wiki iliyofuata alirudi mwenyewe kuomba mpira wa baiskeli. Aliuliza tu kama upo wenye rangi nyingine tofauti na nyeusi.

Lakini kisa ninachotaka mkibebe ni cha Petro na Pascalina.

Hawa walikuwa walinzi wa gari la fedha. Petro alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Akikushika mkono unahisi umeuingiza kwenye mkate wa moto. Pascalina alikuwa mama mjane wa Nakwa, mwembamba, mwenye vidole kama vya binti wa darasa la nne, na macho yanayoona kila kitu. Kwa miaka mingi walitumia bastola za zamani. Ya Petro ilivaa soksi ya baiskeli, ya Pascalina vibao vyake vilikuwa vyembamba kama biskuti. Wote wawili walikuwa wanalenga vizuri, na Mzee Bura alistaafu akiwa na amani.

Kisha zikaja bastola mpya. Meneja wetu, Bwana Joachim, kijana wa Moshi mwenye roho nzuri na haraka nyingi, alizipokea siku ambayo mimi nilikuwa Dareda kwenye harusi ya mpwa wangu. Kesho yake ilikuwa mtihani wa shabaha wa mwaka. Akazigawa zilivyotoka kwenye maboksi, zote sare, zote mpini wa kati, na mimi nikaja uwanjani moja kwa moja nikitokea harusini, wali wa pilau bado tumboni.

Mbao za shabaha zilikuwa chache, kwa hiyo karatasi zilibandikwa zimegusana mabega. Petro kushoto, Pascalina kulia kwake. Kanuni ilikuwa kali: anayeshindwa ananyang'anywa bastola, anahamishiwa ghala la mahindi na rungu na tochi, na mshahara unapungua. Kabla ya hapo anaruhusiwa kurudia mtihani mara moja tu. Kwa Petro hilo lingekuwa aibu. Kwa Pascalina, aliyekuwa na pacha wawili sekondari, lilikuwa ni watoto kurudi nyumbani.

Wakafyatua. Petro kila akifyatua alikuwa anasema "Aisee!" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni. Pascalina alikuwa ameuma mdomo.

Tulipokwenda kuangalia, karatasi ya Pascalina ilikuwa safi. Ungeweza kuiandikia mwaliko wa harusi. Karatasi ya Petro ilikuwa imetobolewa kama chujio. Bwana Joachim akamshika Petro bega. "Huyu ndiye mlinzi!" Halafu akaanza kuhesabu matundu. Akahesabu tena. Akageuka.

"Petro, ulipewa risasi ngapi?"

"Kumi, bosi, kama wenzangu."

"Hapa kuna kumi na moja. Nimeshaona watu wanaokosa. Sijawahi kuona mtu anayezidisha."

Petro akajikuna kichwa, maana yeye hasemi uongo. "Labda moja ilipasuka njiani, bosi."

Nilimtazama Pascalina. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye ile bastola. Bwana Joachim akamwambia kwa upole kwamba Jumatatu atarudia, na akishindwa, ndiyo hivyo tena. Pascalina alijibu "Sawa, bosi," halafu akatembea mpaka kwenye gari peke yake.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nafungua ofisi, akaingia mke wa Petro. Mama Gidioni alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kanga mbili, na uso wake ulionyesha kwamba hakulala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Siketi, mama. Nimekuja kwa heshima. Naomba nimwone huyo mwanamke."

"Mwanamke yupi?"

"Mwenye meno."

Akaendelea, machozi yanamlengalenga. "Mume wangu jana kaja na alama hapa, katikati ya kidole gumba na hiki. Mistari miwili, damu kabisa. Namuuliza, umeng'atwa na nani? Ananijibu bastola. Mama, miaka yote ya ndoa yetu Baba Gidioni hajawahi kunidanganya. Na siku aliyoamua kunidanganya, ndiyo ananidanganya kitoto hivyo?"

Wanangu, nilitaka kucheka mpaka mbavu ziliuma, lakini ndoa ya mtu ilikuwa imesimama mbele yangu. Nikaleta bastola mpya, nikaikagua ikiwa tupu mbele yake. Nilikuwa na andazi la chai yangu. Nikalibana andazi pale juu ya mpini, pale nyama ya mkono mkubwa inapofurika, nikavuta chuma cha juu kirudi nyuma kwa nguvu, kama kinavyorudi risasi ikitoka. Andazi likapata mistari miwili, safi kama imepigwa rula.

Mama Gidioni akalichukua lile andazi akaligeuza huku na huku. Wakati huo huo Petro akaingia kazini, akamkuta mkewe ameshika andazi. Mkewe hakumsalimia. Alimshika mkono, akaweka andazi pembeni ya kidonda, akalinganisha.

"Ni bastola," akasema.

"Nilikwambia," akasema Petro.

Mama Gidioni akakaa sasa, akajifuta uso kwa kanga, akalimega lile andazi akala. Ndipo akauliza swali ambalo sisi wote wenye sare hatukuliuliza. "Sasa hili dude, mbona viatu vina namba? Lenyewe halina namba?"

Nikaigeuza bastola. Nyuma ya mpini, chini, nikaona pini ndogo. Nilishasikia habari za bastola ambazo mgongo wa mpini unatoka na kubadilishwa, mdogo, wa kati, mkubwa, ila zilikuwa hazijafika mikononi mwangu. Na hapo jambo lote la jana likaniingia akilini. Pascalina kidole hakifiki, anazungusha mkono, anaisukuma triga kwa ncha ya ukucha, na kila risasi inakwenda kushoto. Kushoto kwake yupo nani? Petro. Na Petro, kwa kuogopa kung'atwa, anainamisha mtutu na kuua majani. Yale matundu mazuri, karibu yote, yalikuwa ya mama mjane.

Nilikwenda ofisini kwa meneja, Petro na mkewe nyuma yangu.

"Bosi, hizi bastola zilikuja peke yake?"

"Zilikuja na viplastiki fulani, mama. Vya kuzuia zisigongane safarini."

"Viko wapi?"

"Maboksi yalichomwa shimoni. Vile viplastiki..." Akasita. Akaitazama meza yake. Meza ile ilikuwa inayumba tangu kampuni ianzishwe, na leo haikuwa inayumba.

Petro hakusubiri kuombwa. Aliinamia meza akainyanyua kwa mkono mmoja, na chai ya bosi, kalamu za bosi na mhuri wa bosi vyote vikateremka upande wa pili. Chini ya mguu wa meza vilikuwa vimepangwa viwili, kimoja chembamba na kingine kinene chenye kimkia juu kama mdomo wa bata. Sakafu ilikuwa imepinda kiasi cha kuhitaji vyote viwili. Mungu ana namna zake.

Bwana Joachim, suruali imelowa chai, alinitazama nikichomoa pini, nikibadilisha mgongo wa mpini, nikimkabidhi Petro ile yenye kimkia. Kilikaa juu ya nyama ya mkono wake kama paa la baraza. Meneja akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye meza, na meza ikayumba.

Pascalina nilimwita mchana. Nikampa yenye mgongo mwembamba, tupu, nikamwambia ashike afumbe macho. Kidole chake kikaenda kwenye triga chenyewe. Akafumbua macho, akatazama mkono wake muda mrefu.

"Mama," akasema, "nilishaanza kuwaandaa watoto."

Jumatatu karatasi zilitenganishwa mbali sana. Mama Gidioni alikuja kushuhudia, kwa ruhusa maalumu. Pascalina alipiga, na matundu yake yote ungeyafunika kwa kisosi cha chai. Petro risasi ya kwanza alifyatua macho amefumba, anasubiri kung'atwa. Hakung'atwa. Akautazama mkono wake mbele na nyuma, akacheka kicheko kikubwa ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia kwake, ikabidi tumsubiri amalize. Alipata alama za wastani tu, lakini zilikuwa zake. Mkewe akapiga vigelegele, na Bwana Joachim akamweleza kwa heshima kwamba uwanja wa shabaha hauruhusu.

Ningeweza kuishia hapo tukacheka tukanywa chai. Lakini mtaniuliza, kama vijana wengine walivyoniuliza, kwamba mlinzi gani Babati anafyatua bastola? Mbona makelele yote kwa ajili ya mpini? Basi sikilizeni na hili. Sikuwepo, nawasimulia kama walivyonisimulia wenyewe, na hawakupishana.

Ilikuwa siku ya mnada, watu wengi mjini. Gari la fedha limesimama, mlango umefunguliwa, Petro amebeba mfuko, Pascalina analinda mgongo wake. Mwanaume mmoja akachomoka kwenye umati anakimbia moja kwa moja kuelekea kwao, amekumbatia kitu kirefu ndani ya kiroba, anakielekeza mbele. Petro akapiga kelele, "Simama!" Yule hakusimama. Pascalina akainua bastola.

Bastola ikakaa mkononi, imetulia, na kidole kimelala ubavuni, nje ya triga. Alimwona mtu, akakiona kiroba, akaona kitu kinachotoka kwenye kona ya kiroba. Kilikuwa mkia. Mkia wa samaki.

"Kaka, simama hapo hapo!"

Yule bwana alisimama, kiroba kikadondoka, na kambare mkubwa wa ziwani akateleza mpaka kwenye kiatu cha Petro. Alikuwa anawahi basi la Dareda, maskini. Basi lilikuwa nyuma ya gari letu, linaondoka.

Pascalina aliniambia baadaye, "Ile bastola ya kwanza, mama, ilinibidi nianze kutafuta triga mapema, maana nilijua nitachelewa kuifikia. Kidole kingekuwa tayari kiko ndani. Hii kidole kilikuwa na nafasi ya kungoja."

Siku iliyofuata yule bwana alikuja ofisini kutoa shukrani na kuomba radhi. Amevaa shati la Jumapili, yuko na mkewe na binti yao mdogo, na kambare mwingine. Tulisimama pale nje, mimi, Petro na Pascalina. Mkewe akamsukuma mtoto mbele kidogo. "Msalimie mama."

Mtoto akamtazama Pascalina, akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo."

Pascalina alikuwa ameziba uso kwa viganja vyake vyote viwili.

Petro, mtu wa maneno machache, akachuchumaa mpaka akalingana na mtoto.

"Marahaba, mwanangu," akamwitikia. "Baba yako ana mbio sana."